Nilimcheka Aliyemaliza

Wasee, wacha nianze kwa kukiri. Ile video yangu ya "Namba 38", ile iliyotazamwa na watu wengi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutengeneza, nimeifuta. Wengi mmekuwa mkiniuliza imeenda wapi. Haijaenda mahali. Nimeitoa mwenyewe Jumapili usiku, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Kwa wale hawakuiona, stori ni fupi. Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa inaendelea PyeongChang, Korea Kusini. Kenya ilikuwa na mwanamichezo mmoja tu kule: Sabrina Simader, msichana wa miaka 19, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria. Tarehe 17 Februari akashindana kwenye super-G, yaani mbio za kuteremka mlima wa theluji kwa kasi, akamaliza wa 38.

Mimi nikaona hapo kuna kitu. Nikafunga vipande viwili vya mbao za kitanda miguuni, nikavaa helmeti ya boda boda ya jirani, nikateremka ngazi za ploti yetu nikipiga nduru mpaka nikaanguka kwenye beseni la nguo za mama wa nyumba ya chini. Kisha nikajitokeza nimevaa tai, nikiigiza mtangazaji: "Kenya, taifa la mabingwa wa dunia, leo tumenyakua nafasi ya... thelathini na nane!" Halafu kicheko.

Maze, ilienda. Kwa siku chache nilikuwa mtu mkubwa mtaani. Kondakta mmoja alinipigia kelele "Namba 38!" na akakataa nauli yangu. Jamaa anayeuza viatu akaniuliza nikimtangazia nitamtoza ngapi. Kama wewe pia unatengeneza vitu vya kuweka mtandaoni, unajua ile njaa. Unakaa miezi unaongea peke yako kwa simu, ghafla watu wanakusikia. Hauulizi wanacheka nini. Wanacheka, basi.

Jumapili, tarehe 25, siku michezo ilipofungwa, mzee wangu alikuwa kwangu. Alikuja Nairobi kuona daktari wa macho. Baada ya chakula nikampa simu nimuonyeshe mwanawe amefika wapi. Akaishika mbali na uso, vile wazee hushika simu, akatazama mpaka mwisho. Hakucheka.

"Huyu msichana alimaliza?" akaniuliza.

"Alimaliza, Mzee, lakini wa 38."

"Sijakuuliza wa ngapi."

Nikanyamaza. Akarudisha simu mezani polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika, halafu akaanza kunipa stori ya Eldoret.

Mwaka wa 1998 mzee alikuwa anauza mitumba Eldoret. Jioni moja ya Februari walikuwa kwenye hoteli fulani wakinywa chai, televisheni iko juu pale kwenye kona. Taarifa ya habari ikaonyesha Mkenya, tena kijana wa hapo hapo upande wa Eldoret, amevaa nguo za kubana, amefunga mbao miguuni, anakokota miguu kwenye theluji. Hoteli nzima ikacheka. Mpishi akatoka jikoni kuona kuna nini, naye akacheka. Watu wa Eldoret wamezoea kuona vijana wao wakiwaacha wengine nyuma. Huyu alikuwa nyuma ya kila mtu.

"Na mimi nilicheka," mzee akasema. "Usidhani nakuhukumu. Nilicheka mpaka chai ikanitoka kwa pua. Halafu tukaona mzungu mmoja amesimama kwenye mwisho. Anangoja. Yule wetu akafika, mzungu akamkumbatia. Wakatuambia huyo mzungu ndiye alikuwa nambari moja. Hoteli ikanyamaza kidogo. Mtu akasema, 'Kumbe.' Hiyo tu. 'Kumbe.'"

Usiku huo mzee alipolala nikakaa na simu nikisoma, na bando langu likaishia hapo. Wengi wa umri wangu hatuijui vizuri hii stori, kwa hivyo wacha niirudie.

Kijana huyo ni Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800. Kampuni ya Nike ilimdhamini yeye na mwenzake Henry Bitok kwenda Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Hiyo ilikuwa 1996, na ndiyo mara ya kwanza Boit kuona theluji kwa macho yake. Kuna waliosema hayo yote ni matangazo ya biashara tu, kumpeleka Mwafrika kwenye theluji ili watu washangae. Miaka miwili tu baadaye, tarehe 12 Februari 1998, akawa kwenye mstari wa kuanzia Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kabisa kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi.

Mshindi siku hiyo alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, na hiyo ilikuwa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki. Alitumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25. Akawa wa 92, nyuma ya kila mtu aliyemaliza.

Sasa hebu fikiria. Umeshinda. Umechoka mpaka mifupa. Kuna baridi, jasho lako limeanza kuganda mgongoni, waandishi wa habari wanakuita, na medali inakungoja. Wewe unafanya nini? Dæhlie alisimama pale akangoja dakika 20. Dakika 20 kwenye baridi si mchezo, wengine hatuwezi kumngoja rafiki dakika 20 hata pale Kencom na jua liko. Boit alipofika, mashabiki wakimshangilia, bingwa wa dunia alikuwa hapo amemfungulia mikono. Wakawa marafiki, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kuna Mkalenjin anaitwa Dæhlie Boit, na jina hilo lilitoka kwenye kukumbatiana kule Nagano.

Nikaangalia tarehe tena. Mwezi huo ilikuwa imetimia miaka 20 kamili. Sabrina naye alizaliwa mwaka huo huo wa 1998. Na nilikuwa nimesherehekea miaka hiyo 20 kwa kuanguka kwenye beseni.

Nikasema wacha nijue basi hiyo super-G ni nini. Kumbe wanateremka kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa, mwendo wa matatu ya Nakuru ikiwa imechelewa, ila wewe ndiye gari. Na hawapewi nafasi ya kufanya mazoezi kwenye njia yenyewe. Wanaikagua tu polepole kabla ya mbio, wanaikariri kichwani, halafu wanaiteremka kwa kasi mara moja tu. Wapo walioanza siku hiyo na hawakufika chini. Sabrina alifika. Ndiye mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki hiyo, na tangu Boit aliposhiriki kwa mara ya mwisho Turin 2006, bendera yetu haikuwa imeonekana huko. Yeye ndiye aliyeibeba kwenye ufunguzi, akiwa mwanamichezo pekee wa Kenya. Ningekuwa mimi, ningezimia kwenye lifti ya kupanda juu.

Lakini kitu kilichonimaliza kabisa kilikuwa kingine, na kilitokea siku moja tu kabla ya mbio za Sabrina.

Tarehe 16 Februari, mbio za wanaume za kilomita 15. Aliyeshinda ni Dario Cologna wa Uswisi, dhahabu yake ya tatu mfululizo kwenye mbio hizo. Alimaliza kwa dakika 33 na sekunde 43. Wa mwisho kabisa, nafasi ya 116, alikuwa Germán Madrazo wa Mexico, mwanamume wa miaka 43 aliyeanza kujifunza mchezo huo mwaka mmoja hivi kabla. Alifika karibu dakika 26 baada ya mshindi, mkononi ameshika bendera ya Mexico. Na pale mwisho alikuta watu. Pita Taufatofua wa Tonga alikuwa hapo, yule mtu wa taekwondo aliyetingisha Rio 2016 kwa kubeba bendera kifua wazi kimepakwa mafuta. Walikuwepo wenzake wa mkiani kutoka Morocco, Ureno na Colombia. Walikuwa wamemaliza kabla yake na hakuna hata mmoja aliyeenda kuoga. Wakambeba juu mabegani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Cologna naye alikuwa bado yuko, akaja akampa mkono.

Niliitazama hiyo mara nne. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya nne nikaenda kwenye ukurasa wangu na nikafuta "Namba 38".

Najua mtu ataniambia, "Wacha hizo, unataka tuanze kusherehekea kushindwa? Ndiyo maana hatuendelei." Hoja hiyo nimeifikiria sana kwa sababu wiki iliyopita ningeisema mimi mwenyewe. Sisi Wakenya hatujui kusherehekea kitu kingine isipokuwa dhahabu. Kwenye mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000, wanaume wetu walishinda kila Olimpiki waliyoshiriki tangu 1968 hadi 2016. Tumezoea vibaya. Mkenya akimaliza wa pili pale, tunaulizana nini kilimpata. Bingwa akitua uwanja wa ndege, kuna ngoma na mursik kwenye kibuyu, na wanasiasa wanapigana vikumbo wapate picha. Wa nne anapita mlango ule ule akitafuta teksi.

Lakini angalia nani ameshinda medali nyingi zaidi PyeongChang. Ni Norway. Medali 39, rekodi ya Olimpiki ya majira ya baridi wakati huo, kwa nchi ya watu milioni 5 na kidogo. Ndiyo nchi ya Dæhlie, yule aliyesimama kwenye baridi kumngoja wa 92. Kwa hivyo usiniambie kumpigia makofi wa mwisho kunawafanya watu kuwa wazembe.

Mwingine atasema hayo ni makofi ya huruma, wanamchukulia Mwafrika kama mtoto. Hiyo nayo nimeifikiria, na ni kweli kuna makofi ya aina hiyo. Timu ya wanawake ya Nigeria kwenye bobsled, ya kwanza ya Afrika katika mchezo huo, imemaliza ya 20 kati ya timu 20. Akwasi Frimpong wa Ghana, anayeteremka njia ya barafu kichwa mbele amelala kifudifudi, amemaliza wa 30 kati ya 30, halafu akacheza densi. Sina shaka kuna waliowapigia makofi vile mtu humpigia mtoto aliyekariri shairi na kusahau katikati.

Ila tofauti iko hapa. Dæhlie alizijua hizo kilomita 10. Aliujua ule mlima unaokatika pumzi, aliijua theluji ya siku hiyo. Cologna vile vile. Wale wa Tonga na Morocco walikuwa wametoka kwenye njia hiyo hiyo dakika chache tu. Anayeijua njia ndiye anayengoja. Asiyeijua ndiye anayecheka, na mimi sikuijua hata kidogo. Theluji pekee niliyowahi kugusa ni ile ya kwenye friji ya mama wa duka.

Basi Jumatano nikaenda kwenye uwanja wa barafu ulioko hoteli ya Panari, Mombasa Road. Najua kuteleza kwenye barafu na kuteremka mlima wa theluji ni michezo miwili tofauti, lakini Nairobi hii unatumia ulichonacho. Nikalipa kiingilio kilichokula pesa ya wiki nzima, nikapewa viatu vyenye kisu chini, nikaingia kwa madaha.

Nilikaa wima kama sekunde tatu hivi.

Nikaamka, nikaanguka. Nikashika ukuta, ukuta ukabaki, mimi nikaenda. Kuna msichana wa kama miaka minane alikuwa anazunguka akipita nyuma yangu bila kushika chochote, kila akipita ananiangalia. Kwenye mzunguko wa tano hivi akasimama.

"Anko, usiangalie miguu. Angalia unakoenda."

Nilikaa humo saa nzima. Nilifaulu kuzunguka uwanja mara moja, mara moja tu, nikiwa nimeinama kama mzee anayetafuta sarafu. Nilipofika pale nilipoanzia, yule mtoto alinipigia makofi. Wala hakuwa ananicheka. Alikuwa anaijua ile barafu. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, karibu nilie.

Sasa nifike pale sikutaka kufika. Jumapili ile, baada ya stori ya Eldoret, mzee alisimama kwenda kulala. Akafika mlangoni, akageuka.

"Ile CPA yako," akasema, "ulimaliza wa ngapi?"

Anajua jibu. Sikumaliza. Niliacha miaka miwili iliyopita. Watu nimewaambia karo ilikuwa tatizo, na hapa mtandaoni nimewahi kuandika kwamba niliacha ili nifuate ndoto yangu. Hiyo ni hadithi nzuri na watu waliipenda. Ukweli ni kwamba nilianguka karatasi mbili, wenzangu wakasonga mbele, na nikaona nitabaki darasani na watu wanaoniita brathe mkubwa. Sikuweza kuvumilia kuonekana nikiwa wa mwisho. Kwa hivyo nikatoka kwenye njia kabla mtu hajahesabu. Mzee alikuwa amelipa ile karo kwa mitumba, shati moja moja, na hajawahi kuniuliza mpaka siku hiyo.

Nilipokuwa nafuta video ndipo niliona. Sikuwa nimemcheka Sabrina kwa sababu alikuwa wa 38. Nilimcheka kwa sababu alikubali kuonekana akiwa wa 38, mbele ya dunia nzima, na akafika chini akiwa amesimama. Mimi hata mbele ya darasa la watu 40 nilishindwa.

Video imeenda, na zile namba zimeenda nayo. Jamaa wa viatu hapokei simu. Ni sawa. Sabrina, siamini utawahi kusoma hii, lakini pole. Ulifanya kazi na mimi nikafanya kelele.

Na ninyi mashabiki wenzangu, naomba kitu kidogo. Tutaendelea kutaka dhahabu, hilo halina ubaya, tuko na miguu ya dhahabu. Lakini mtu akienda na bendera yetu mahali hatujawahi kukanyaga, tusikae tukingoja namba kwanza ndipo tuamue kama ni wetu. Tuulize swali la mzee wangu: alimaliza? Kama alimaliza, kuwe na mtu pale mwisho. Mursik haiwezi kuisha kwa kikombe kimoja zaidi.

Jana asubuhi nilipeleka fomu. Nitaurudia mtihani mwezi wa kumi na moja, zile karatasi mbili. Darasa limejaa vijana waliomaliza sekondari juzi, na mmoja wao, nilipoingia kuuliza ratiba, aliniamkia akidhani mimi ndiye mwalimu. Nikamwambia hapana, niko nyuma yako.

Nilimpigia mzee nikamwambia. Akanyamaza kidogo kwenye simu, nikasikia redio yake nyuma.

"Haya," akasema. "Ukimaliza uniambie. Nitakuja."